Bushi za amu za mbele za Subaru Impreza: jinsi ya kuzibadilisha nyumbani zisipasuke tena

Wenye Impreza WRX na STi wamekuwa wakileta lalamiko lilelile. Bushi za amu za mbele (amu ni mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi) zimebadilishwa, gari likatulia kwa muda, kisha ule mlio wa "tok" ukikanyaga breki ukarudi. Wengine wameshanunua seti ya pili na ya tatu, na kila mara lawama inamwangukia mwenye duka. Mara nyingi mwenye duka hana kosa. Boliti zilikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, na raba ikaanza kuchanika siku gari liliposhushwa chini.

Mwongozo huu unahusu Impreza za umbo la GC (zilizoanza 1992) na GD (2000 hadi 2007). Sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo za kizazi hicho haziongezeki tena. Uliyo nayo ndiyo ya kutunza. Ukiwa na Lancer Evolution, boliti zimepangwa kivingine, lakini hatua ya 2 na ya 8 zinakuhusu vilevile.

## Elewa hili kabla ya kushika spana

Bushi ya raba ina bomba la chuma ndani, raba katikati na ganda la chuma nje. Raba imegandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa kabisa na halizunguki tena. Amu ikipanda na kushuka barabarani, kinachoiruhusu ni raba kujipinda kidogo upande huu na upande ule.

Sasa fikiria umekaza boliti amu ikiwa imening'inia. Gari likishuka, amu inapanda na raba inabaki imekamuliwa kama kitambaa cha kudekia, hata gari likiwa limeegeshwa. Tuta la kwanza linamalizia kazi. Bushi inatakiwa ikazwe amu ikiwa kwenye kimo inachokaa gari likisimama kwa magurudumu yake. Mengine yote yaliyomo humu ni ya kukufikisha hapo salama.

## Vifaa

- Jeki ya magurudumu na stendi mbili imara. Jeki ya kwenye buti la gari haitoshi.
- Vizuizi vya magurudumu ya nyuma, hata vipande vizito vya mbao.
- Sokoti na spana za 12, 14, 17, 19 na 22, racheti, na mpini mrefu wa kulegezea.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia). Ukikosa yote, usikose hii. Omba au kodi.
- Mafuta ya kulegezea kutu, brashi ya waya, msasa, grisi.
- Fimbo ya nyuzi ya chuma kigumu, unene wa milimita 12 au 14, nati zake na washa nene.
- Vikombe viwili vya kusukumia na kupokelea bushi (maelezo yako hatua ya 5).
- Nyundo, tindo, mtaimbo, msumeno wa chuma na blade za akiba.
- Futi ya kupimia, kalamu ya rangi nyeupe, waya wa kufungia, simu ya kupigia picha.
- Bushi mbili za mbele na mbili za nyuma za amu, pamoja na nati mpya za kujifunga.

Kampala, bushi utazipata Kisekka au Ndeeba. Nenda na namba ya chesi, na ukiweza nenda na bushi kuukuu mkononi. "Ya Impreza" haitoshi, kwa sababu kuna amu za chuma na za alumini, na bushi zake si lazima zifanane. Pima kipenyo cha nje na urefu wa bomba la ndani hapohapo kaunta. Angalia pale raba inapokutana na chuma: kusiwe na mwanya, kiputo wala gundi iliyomwagika.

Usishawishike kununua amu nzima ya mkono wa pili "kutoka Japani" ukidhani umepata njia ya mkato. Bushi zake zina umri uleule wa zako.

Kuhusu bushi za polyurethane, zinafaa kwenye gari la mashindano. Nyingi huzunguka kwenye bomba lake, hivyo hazisumbuliwi na kimo cha kukazia, lakini zinataka grisi ya silikoni mara kwa mara. Kwenye vumbi letu la maramu zitaanza kulia kama mlango mbovu. Kwa gari la kwenda kazini na kusafiri Jumamosi, mimi ningebaki na raba.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni bushi

Mlio wa mbele unaweza kutoka kwenye boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya amu), linki ya stabilaiza (kiunganishi cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), shokabu au hata raki ya usukani. Usibadilishe kwa kukisia.

Mwombe mtu aketi kwenye usukani, asogeze gari mbele kidogo, akanyage breki, arudi nyuma, akanyage tena. Wewe simama kando na utazame gurudumu la mbele ndani ya madigadi. Likienda mbele na nyuma waziwazi, bushi ya nyuma ya amu imechoka. Kisha ingia chini (gari likiwa kwenye stendi) na usukume amu kwa mtaimbo. Nyufa ndogo za juujuu kwenye raba si hukumu. Raba iliyoachana na chuma ndiyo hukumu.

Ikiwa boljointi nayo inacheza, inunue sasa, maana utakuwa umeshaifungua.

## Hatua ya 2: Pima kimo kabla ya kuinua chochote

Watu huiruka hatua hii, na ndiyo inayowarudisha dukani.

Egesha gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa, buti likiwa tupu. Lisukume mbele na nyuma kidogo, kisha bonyeza boneti mara chache liachie. Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu ya gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi. Andika kwa kila upande. Kulia na kushoto vinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Usijali, andika ulichokiona.

Kipimo hiki ndicho kitakachokuwezesha kukaza bushi kwenye kimo sahihi hata kama huna shimo la gereji.

## Hatua ya 3: Inua gari

Kampaundi ya udongo mwekundu baada ya mvua si mahali pa kazi hii. Tafuta sakafu ya zege au peva zilizoshikana. Pakiwa pagumu kiasi tu, weka bamba la chuma au ubao mpana chini ya kila stendi ili miguu yake isizame.

Weka vizuizi nyuma, vuta breki ya mkono, legeza nati za magurudumu nusu mzunguko gari likiwa chini. Kisha inua mbele yote na uweke stendi pande zote mbili. Usiinue upande mmoja tu. Stabilaiza imeunganisha amu zote mbili, na ukiinua upande mmoja itakuwa inasukuma amu unayotaka kuifungua.

Onyo: matofali hayabebi gari. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kukuonya, na rimu kuukuu huteleza. Kabla ya kuingia chini, likabili gari ubavuni ulisukume kwa nguvu. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya. Magurudumu uliyoyatoa yasukumie chini ya kizingiti cha mlango kama akiba.

## Hatua ya 4: Toa amu

Nyunyiza mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila boliti na uache yaingie. Kufanya hivyo jioni ya kuamkia kazi ni bora zaidi. Gari lililotoka Japani moja kwa moja kwa kawaida halikupi shida kubwa. Lililoishi Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lina kutu ya aina yake na utahitaji subira.

Anza na linki ya stabilaiza: itoe kwenye amu.

Fuata boljointi. Chini ya nako (chuma kinachoshika habu ya gurudumu) kuna boliti moja inayobana shingo ya boljointi. Itoe yote nje, usiilegeze tu, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa shingo na boljointi haitatoka ikiwa boliti bado ipo. Ikigoma, usilazimishe upande mmoja. Kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ikikatika humo ndani, kazi ya siku moja inageuka ya siku tatu. Ikishatoka, gonga tindo nyembamba kidogo tu kwenye mwanya wa nako ili uachie, kisha sukuma amu chini kwa mtaimbo.

Mara boljointi inapoachia, funga nako kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki wala kuvuta waya wa sensa ya ABS. Usiivute nje pia: shafti ya gurudumu inaweza kuchomoka kwenye jointi yake ya ndani, na hapo utajikuta unafanya kazi nyingine kabisa.

Kabla ya kugusa bushi ya nyuma, piga picha. Chora mstari mweupe unaoanzia kwenye amu na kuingia kwenye kikombe kilichoshika bushi. Mstari huo unaonyesha pembe ambayo bushi ilikaa dhidi ya amu. Sasa fungua boliti mbili za kikombe cha nyuma zinazoingia kwenye bodi. Zimekazwa sana, kwa hiyo tumia mpini mrefu na uvute, usisukume ukiwa chini ya gari. Malizia na boliti ya bushi ya mbele kwenye krosimemba (boriti ya chuma iliyo chini ya injini). Amu itashuka mikononi mwako.

Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili, ili uwe na mfano wa kutazama.

## Hatua ya 5: Toa bushi kuukuu

Bushi ya nyuma ni rahisi. Fungua nati yake kubwa kwenye ncha ya amu na kikombe kitatoka na bushi yake. Ukipata dukani kikombe kikiwa na bushi tayari, lipa hiyo tofauti ya bei. Utajiokolea nusu ya jasho.

Bushi ya mbele ndiyo yenye kazi. Pima kwanza ganda limetokeza kiasi gani kila upande wa jicho la amu, uandike. Kisha tengeneza presi yako:

Kikombe cha kupokelea kiwe na kipenyo cha ndani kikubwa kuliko ganda la bushi, kiegemee kwenye amu yenyewe. Kikombe cha kusukumia kiwe chembamba kidogo kuliko ganda, lakini kipana kuliko raba, ili kisukume chuma. Sokoti kubwa inaweza kufaa upande mmoja. Kwa mwingine, peleka vipimo Katwe, ukatiwe kipande cha bomba nene na kusawazishwa ncha. Fundi wa pale atakielewa bila maelezo mengi.

Pitisha fimbo ya nyuzi katikati, weka washa nene, paka grisi kwenye nyuzi, kaza nati taratibu. Utasikia mlio mkali bushi inapoanza kusogea. Huo ni mzuri. Mlio wa nyuzi zinazokwaruzana ni mbaya: simama, ongeza grisi, hakikisha vikombe vimekaa wima.

Ikikataa kabisa, toboa raba kwa drili kuzunguka bomba la ndani na ulitoe. Kisha ingiza blade ya msumeno ndani ya ganda na ulikate kwa urefu, polepole, ukisimama kila mara kutazama. Ukishapata mstari mmoja, ganda hukunjika ndani kwa tindo. Acha kukata kabla hujagusa jicho la amu. Mkwaruzo mdogo unaweza kusuguliwa kwa msasa, lakini mfereji hauponi.

Njia ya kuchoma bushi kwa moto inapendwa na mafundi wengi kwa sababu ni ya haraka. Moshi wa raba ni sumu, na kama amu yako ni ya alumini, joto hilo linaweza kuiharibu usione kwa macho. Sumaku itakuambia una ipi: ikishika ni chuma. Hata kwa chuma, mimi sichomi.

Kupiga bushi kwa nyundo amu ikiwa juu ya jiwe ni kosa jingine. Jicho la amu hupinda kuwa yai na bushi mpya haitashika.

## Hatua ya 6: Ingiza bushi mpya

Safisha jicho kwa brashi na msasa hadi ling'ae, ondoa kila ncha kali. Bushi iliyolala kwenye friza usiku kucha huingia kwa urahisi kidogo zaidi, lakini usitegemee miujiza.

Paka maji ya sabuni kwenye ganda la nje. Usipake grisi ya kawaida wala mafuta ya injini mahali penye raba, kwa kuwa huilainisha na kuiozesha. Anza bushi kwa mkono na uhakikishe imesimama wima kabla ya kukaza. Ikianza kwenda upande, itoe uanze tena; haitajinyoosha yenyewe njiani. Simama ganda linapotokeza sawa na kipimo ulichoandika.

Kwa bushi ya nyuma, weka kikombe kipya juu ya kile cha zamani, boliti kwa boliti, nakili ule mstari mweupe, kisha kivishe kwenye amu ukiulinganisha. Bushi nyingi za nyuma zina matundu ndani ya raba, na upande yanakotazama umekusudiwa. Tumia nati mpya ya kujifunga, na mwenzako ashike kikombe kisizunguke unapokaza.

Kazi imefanikiwa ikiwa bomba la ndani liko katikati, raba haina mkunjo wala mchaniko, na mstari mweupe umelingana.

## Hatua ya 7: Rudisha amu, usikaze

Ingiza boliti ya mbele kwa mkono, kisha zile mbili za nyuma, kisha boljointi. Rudisha linki ya stabilaiza nayo. Boliti ya boljointi pekee unaweza kuikaza sasa, kwani haihusiani na raba. Vitabu vya huduma vya GD vinataja takriban Nm 50 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia).

Nyingine zote ziache zikiwa zimegusa tu, amu ikiweza kupanda na kushuka bila kukataa. Rudia upande wa pili.

## Hatua ya 8: Kaza kwenye kimo

Kuna njia mbili.

Ya kwanza, kama una ngazi za magari au mbao pana nzito: rudisha magurudumu, shusha gari juu yake, bonyeza boneti liachie, kisha ingia chini ukaze. Usiendeshe gari umbali wowote kabla ya kukaza.

Ya pili, gari likibaki kwenye stendi: weka jeki chini ya ncha ya amu karibu na boljointi, uinue taratibu hadi umbali kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi ulingane na uliouandika hatua ya 2. Fanya hivyo pande zote mbili ikiwezekana, ili stabilaiza isivute. Ukiona gari linaanza kuinuka kutoka kwenye stendi kabla ya kufikia kimo, simama hapo na utumie njia ya kwanza.

Fuata mpangilio huu: linki ya stabilaiza, kisha boliti ya krosimemba, mwisho boliti mbili za kikombe cha nyuma. Kwa GD, ile ya krosimemba ni takriban Nm 100, na mbili za nyuma takriban Nm 250 kila moja. Kwa GC au amu za alumini, fuata kitabu cha mwaka wako.

Spana nyingi za toki hazifiki 250. Chukua mpini wenye urefu wa mita 1 kamili kutoka boliti, funga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha (ile wanayopimia kahawa kule Masaka inafaa), uvute kwa pembe ya mraba hadi isome kilo 25. Hiyo ni Nm 245. Kukisia hapa hakufai, maana boliti hizi ndizo zinazoshika gurudumu mahali pake unapokanyaga breki.

Ukimaliza, tia alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti na chuma kilicho kando yake. Baadaye utajua kwa kutazama tu kama kuna iliyozunguka.

## Hatua ya 9: Barabarani, kisha alaimenti

Anza polepole mtaani. Kanyaga breki kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Usukani utahisi mzito kidogo na mkali zaidi katikati; hiyo ndiyo Impreza uliyoisahau. Mlio ukiwepo bado, rudi utazame boljointi na linki kabla ya kuzilaumu bushi.

Peleka gari kwenye wili alaimenti ndani ya siku chache, kwa kuwa amu imehama kutoka mahali ilipokuwa imezoea kulegea na toe (jinsi magurudumu yanavyotazama ndani au nje) itakuwa imebadilika. Mwambie fundi bushi ni mpya, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Baada ya safari ya kwanza ndefu yenye maramu ya kutosha, ingia chini na tochi. Alama za rangi ziwe zimenyooka, na raba isiwe na mstari mpya wa mchaniko upande mmoja. Ukiuona upande mmoja tu, legeza boliti ya bushi hiyo na urudie hatua ya 8 kwa upande huo. Raba ikiwa haijaachana na chuma, bado inaokoka.